Jamani, Glasi Yenye Tundu Kitakoni!

Nyie, tumefika pabaya. Tena siongelei bei ya mafuta wala foleni ya Mbagala, hayo tumeshayazoea kama kunguni wa kitanda cha kurithi. Naongelea bia. Bia hii hii ya mezani, ambayo mtu akitoka kazini mgongo umempinda huiagiza, akashusha pumzi, akasema "aah!" hata kabla hajaionja. Hiyo nayo wameiingilia.

Juzi jioni tulikuwa kijiweni kwetu chini ya mwembe. Muuza kahawa keshatua dele lake, vikombe vinagongana kwenye ndoo, mzee mwenzangu kanila kete nne za drafti kwa mkupuo na anacheka kwa dharau. Ghafla akaingia dogo wa bodaboda. Hata pikipiki hajaizima! Akanisukumia simu usoni: "Babu shikamoo hebu cheki hii." Shikamoo imebanwa humo katikati kama abiria wa daladala la jioni. Nikamwitikia marahaba, nikacheki.

Loo! Kuna kimashine juu ya kaunta, kina pua fupi inayotazama juu. Mtu kaweka glasi ya plastiki juu ya ile pua. Hakuna bomba linaloinama, hakuna mkono unaoinamisha glasi. Mara bia ikaanza kupanda yenyewe kutoka chini kama chemchemi, ikapanda, ikapanda, ikafika ukingoni na kilemba chake cha povu. Sekunde chache tu. Na muuzaji wala hakuwa akiitazama! Kageuza shingo, anapokea hela ya mwingine. Nikasonya. Nikasonya tena, mpaka kuku wa jirani wakahama.

Dogo akanifafanulia, maana vijana siku hizi wanajua kila kitu isipokuwa kukaa. Glasi ina tundu kitakoni, na juu ya tundu kuna kifuniko chembamba chenye sumaku. Ukiikandamiza kwenye pua ya mashine, kifuniko kinanyanyuka, bia inaingia. Ukiinyanyua glasi, sumaku inakivuta kifuniko, tundu linaziba. Ni ubunifu wa Wamarekani. Akili ipo, nani atabisha? Bia ina gesi iliyofungiwa ndani. Ukiiporomosha kutoka juu inakasirika, inafura povu, na nusu yake inaishia kwenye sinia la kaunta. Ukiiingiza kutoka chini haiporomoki popote, haina cha kukasirikia. Mwenye baa hapotezi tone, na mfanyakazi mmoja anafanya kazi ya watatu. Sawa. Lakini hao wawili waliopunguzwa wameenda wapi, jamani? Na nani sasa atakuuliza kama mkeo kajifungua salama?

Mzee mwenzangu akadakia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Hayatuhusu? Watu wanaogombana na wake zao kila Jumamosi kwa ajili ya ligi ya Uingereza! Ule uwanja wa Tottenham uliofunguliwa London mwaka 2019, wenye viti elfu 62 na ushee, una glasi hizo hizo za tundu. Ndani yake kuna kaunta moja yenye urefu wa mita 65, na waliutangazia ulimwengu kwamba uwanja mzima unaweza kumimina painti 10,000 kwa dakika moja. Painti moja ni zaidi ya nusu lita. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilipoipiga nikaomba maji ya kunywa.

Na sababu ya mbio hizo ipo. Uingereza wana sheria ya mwaka 1985: kwenye mechi kubwa za mpira hairuhusiwi kuwa na pombe mkononi mahali unapoona uwanja mchezo ukiendelea. Kwa hiyo mtu anasubiri mapumziko. Katika dakika 15 ateremke ngazi, aende haja, apange foleni, anunue, anywe, apande tena. Maelfu kwa maelfu wote na kiu moja. Hapo naielewa mashine. Imekuja kutibu ugonjwa ulioletwa na sheria. Ninachokataa ni dawa ya uwanjani kunyweshwa baa ya mtaani, mahali ambapo hakuna kipenga wala refa, na mtu kaja kwa sababu nyumbani watoto wanapiga kelele.

Na msidhani huku tuko salama. Nawapa kisa nilichokishuhudia kwa macho haya. Baa moja, jina nalihifadhi, usiku wa Simba na Yanga. Nyomi! Watu wamekalia hadi kreti. Meneja mgeni, kijana mwerevu kupita kiasi, akabuni jambo: dakika ya 40 akaamuru wahudumu wafungue kreti nne nzima na kuzipanga chupa kaunta, ili mapumziko yakifika kila mtu anyakue yake bila kungoja. Nikaziona zimejipanga vichwa wazi, kama watoto waliotoka kunyolewa. Nzi wa kata nzima wakapata taarifa.

Kipenga kikalia. Watu wakaifuata kaunta, wakasimama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee mmoja, mteja wa kona ile tangu baa ina paa la makuti, akainyanyua chupa moja, akaichungulia mdomoni, akairudisha polepole.

"Binti yangu, hii umemfungulia nani?"

"Baba, ni ya kwako."

"Ya kwangu huwa naisikia ikifunguliwa."

Weee! Ukimya uliopita pale ungesikia kizibo kikianguka, ila vizibo vyote vilikuwa vimeshaanguka. Maana hilo kila mtu analijua, halijaandikwa popote. Mhudumu anakuja mezani, anauliza "ya moto au ya baridi?", anarudi na chupa imevaa kofia yake, anakugusisha uonje ubaridi kwa kiganja, ndipo anaifungua mbele ya macho yako. Pshiii! Hicho ni kiapo. Hujawekewa kitu, hujauziwa mabaki ya mtu, gesi yako ipo. Meneja anaokoa sekunde tano, anavunja kiapo cha miaka yote! Ugomvi ukawaka, huyu anataka mpya, yule anadai hela yake, meneja anaapa kwa jina la mama yake, na katikati ya vurugu kipindi cha pili kikaanza, goli likaingia, na baa nzima imeipa televisheni mgongo. Watu waliolipia kreti nne za haraka hawakunywa wala hawakuona goli. Mpaka leo nikikumbuka nashika tumbo.

Sasa twende Dublin kidogo. Mwaka 1759 Arthur Guinness aliweka saini mkataba wa kukodi kiwanda cha St James's Gate kwa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka. Mtu anayekodi mahali kwa miaka 9,000 atakuwa na haraka gani, hebu niambieni? Ile bia yake nyeusi ya bombani, ambayo si sawa na hii ya chupa tunayoijua huku, ina adabu zake. Mmiminaji anailaza glasi, anaijaza robo tatu, halafu anaiweka chini na kuiacha. Anaiacha! Mteja yuko hapo, hela iko hapo, bia imesimama haijajaa. Ndani ya glasi kunafanyika maajabu: viputo vya pembeni vinaonekana vikishuka badala ya kupanda, rangi ya udongo inatulia taratibu, weusi unajitenga, povu zito linakaa juu kama tui. Ndipo anaijazia mpaka mwisho. Wenyewe wanasema shughuli yote ni sekunde 119.5, yaani dakika mbili kasoro nusu sekunde.

Lakini kilichonishika moyo ni hiki. Zamani kungoja kule kulikuwa kwa lazima, kwa sababu bia ilitoka kwenye mapipa mawili, moja limetulia na jingine lina nguvu za ujana, na mmiminaji alilazimika kuyachanganya ndani ya glasi na kusubiri yapatane. Mwaka 1959 kikaja kifaa cha Michael Ash, mwanahisabati aliyeajiriwa na kiwanda hicho, kikiipa bia gesi ya naitrojeni ili pipa moja litoshe. Mapipa mawili yakaenda zao. Kungoja hakukuondoka! Sababu ilikufa, desturi ikabaki inapumua, kwa kuwa watu walishaona kwamba zile dakika mbili ndizo wanazopokea salamu, ndizo wanazosikia nani kafiwa, nani kapata kazi, nani karudi kwa mkewe. Ukiwapa glasi kwa sekunde tatu, hizo habari watapeana saa ngapi?

Wala sisemi bia lazima ichelewe, msinielewe vibaya. Kule Köln, Ujerumani, bia yao ya Kölsch inaletwa kwenye viglasi vyembamba vya robo lita kasoro, na mhudumu, wanamwita Köbes, ana kasi ya umeme. Ukimaliza, nyingine imeshatua mbele yako, hujaagiza! Anachora mstari wa penseli kwenye kile kigodoro cha karatasi cha kuwekea glasi, na ataendelea kuleta na kuchora mpaka ukifunike kiglasi kwa kigodoro hicho hicho. Hapo ndipo anajua umetosheka. Kasi ipo, lakini kuna jicho la mtu juu yako. Ni kama sisi tunavyoziacha chupa tupu mezani mpaka mwisho, ukiondoka mnazihesabu pamoja na mhudumu, na ukibisha zinatoa ushahidi.

Kasi isiyo na jicho imeshajaribiwa, tena muda mrefu. Wakati wa vita kuu ya kwanza, majimbo kadhaa ya Australia yaliamua baa zifungwe saa 12 jioni. New Zealand ikafuata mwaka 1917 na haikuiacha sheria hiyo mpaka 1967. Nia ilikuwa njema: baba awahi nyumbani. Mweh! Baba anatoka kazini saa 11, ana saa moja tu. Badala ya kunywa kidogo akawa anakunywa kama ngamia aliyevuka jangwa. Wanaume wamesongamana kaunta bega kwa bega, viti vimeondolewa kwa sababu vinakula nafasi, kuta zimebandikwa vigae ili ziwe rahisi kuosha, nadhani mnaelewa kuoshwa nini. Na bia ikawa inamiminwa kwa mpira wenye bomba la kubana mkononi, muuza baa anapita nao juu ya glasi kama anamwagilia mchicha! Saa 12 ikigonga wanamwagwa barabarani wote kwa pamoja. Baba akawahi nyumbani, ndiyo, ila kwa hali gani? Hiyo ni miaka 50 ya watu wazima kumwagiliwa.

Halafu tuje kwetu, ambako polepole imepikwa ndani ya chungu. Mbege ya Wachaga uifanyie haraka gani? Ndizi zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo uji wa ulezi unakuja kuchanganywa, na mpishi anaonja na kukunja uso na kusema bado. Wateso wa Uganda na Kenya na ajono yao ndio wamewapiga chenga wenye mashine kabisa: chungu kimoja katikati, maji ya moto yanaongezwa kidogokidogo, na kila mmoja ana mrija wake mrefu kuliko fimbo ya mchungaji. Huwezi kuondoka nayo mkononi, huwezi kujifungia nayo chumbani, na huwezi kuimaliza peke yako bila wenzako kukuona shavu linavyohangaika. Walishaweka mpangilio ambao kinywaji kinakulazimisha ukae, tena umtazame usoni yule mnayedaiana.

Hayo yote nilimweleza dogo wa bodaboda, na mzee mwenzangu akaongezea yake, na muuza kahawa akaongezea ya mjomba wake aliyewahi kuwa mgema. Dogo akabisha. Akasema babu, muda ni pesa. Akasema mashine hiyo ikija hapa mtaani yeye wa kwanza. Akabisha kuhusu Dublin, akabisha kuhusu Köln, akataka kujua hao wa Australia walipataje nafasi ya kwenda msalani. Katikati ya ubishi tukasikia kitu kinanguruma: pikipiki yake, imesimama peke yake barabarani inachoma mafuta tangu alipofika. Akanyanyuka, akaizima, akarudi kukaa, safari hii kwenye benchi na siyo kwenye ukingo wake.

Simu ikaita. Abiria. Dogo akaitazama, akaiweka sikioni, akasema, "Nakuja bosi, nipo njiani, nimeshafika hapa kwenye mataa," na kwa mkono wa pili akamnyooshea muuza kahawa kikombe cha nne. Muuza kahawa akanyanyua dele juu, akaimimina kahawa kwa uzi mwembamba, taratibu, na dogo akawa anautazama ule uzi mpaka ukakatika.