Vidole Viko Leipzig

Januari 2020, nikiwa kwenye tramu mjini Leipzig, simu yangu ilipokea ujumbe wa kumpongeza mama yangu. Ulianza na "Ndugu mteja", ukamtaja kwa majina yake yote matatu, ukamwambia usajili wa laini yake kwa alama za vidole umekamilika. Laini yenyewe ilikuwa mkononi mwangu, kilomita maelfu kutoka kwenye vidole vilivyosajiliwa. Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu bila kujua.

Lakini nimeruka mambo. Nilikuwa nimefika mji ule Oktoba 2019, na siku ya pili mwenyeji wangu, kijana wa Tanga mwenzangu aliyenitangulia miaka mitatu, akaniambia laini zinauzwa dukani, mbele kidogo ya maziwa. Nikaichukua, nikalipa pamoja na mkate, nikarudi nyumbani nikiisifu Ujerumani. Nikaipachika. Kimya. Mwenyeji wangu akacheka hadi akakaa chini. Tangu Julai 2017, akasema, sheria ya huku inamzuia muuzaji kuifungua laini ya malipo ya kabla mpaka mnunuzi ahakikiwe kwa kitambulisho. Ni mambo ya ugaidi. Dukani wanakuuzia plastiki tu. Roho yake unaitafuta mwenyewe.

Njia ya kwanza ya kuitafuta ni kupiga simu ya video, na hiyo inataka uwe na intaneti. Intaneti ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nikaazima ya mwenyeji. Akatokea dada mmoja mwenye vifaa vya masikioni, mpole sana, akasema atanitumia tarakimu kwa ujumbe mfupi ili tuhakikishe, hivyo nimpe namba yangu ya simu.

"Ndiyo hii ninayoisajili," nikamwambia.

"Nyingine."

Mtu wa kawaida angeishia hapo. Mimi nilikuwa na laini yangu ya Tanzania, ile niliyotoka nayo tangu shule, ipo kwenye simu ya zamani chini ya begi. Nikampa. Tukangoja. Dada akatazama saa, mimi nikaitazama simu. Tukaagana bila tarakimu. Ujumbe uliingia usiku nikiwa nimelala. Nadhani ulipitia Tanga kusalimia kwanza.

Kesho yake nikajaribu tena, na safari hii tarakimu zikawahi. Sasa ikaja zamu ya pasipoti. Inamisha kushoto. Inamisha kulia. Taratibu. Sogeza kwenye mwanga. Pitisha kidole mbele ya picha. Niliiinamisha na kuiinua ile pasipoti hadi nikajihisi napepeta mchele, na kila nikipepeta, chuya ni mimi. Mwishoni dada akaniambia kwa huruma ya kweli kwamba hati hii hawawezi kuihakiki kwa video, niende posta.

Posta yenyewe, kwa anayeijua ile ya kwetu yenye masanduku na kaunta ndefu, ilikuwa kona ya duka la sigara, magazeti na bahati nasibu. Nyuma ya kaunta mama mmoja wa makamo, miwani imeshuka puani, alipokea karatasi yangu na pasipoti, akavilaza sambamba, akaanza kulinganisha herufi moja moja kwa ncha ya kalamu. Jina langu, sawa. La ukoo, sawa. Kisha kalamu ikasimama katikati ya pasipoti, juu ya jina la baba yangu. Kwenye fomu nilikuwa nimeliacha. Kwetu nani humwandika baba kila mahali? Tunajua yupo. Yule mama akanirudishia vyote kama mwalimu anavyorudisha daftari lisilo na kazi. Nikaenda nyumbani, nikamwandika baba, nikachapisha karatasi nyingine, nikarudi, nikapanga foleni nyuma ya mzee aliyekuwa akichagua namba za bahati nasibu kwa kuzifikiria sana. Siku ya tano simu yangu ikashika mtandao. Nikajiona nimemaliza kusajiliwa kwa maisha yangu yote yaliyobaki.

Kumbe nyumbani nako walikuwa wananisubiri.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikuwa umeanza Tanzania tarehe 1 Mei 2019. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa inayotakiwa kwenye usajili, nilikuwa nayo, tarakimu ishirini, nane za mwanzo zikiwa tarehe yangu ya kuzaliwa, kwa hiyo kwa hisani ya serikali nilibaki na kumi na mbili tu za kukariri. Nilichokosa ni muda. Kabla sijasafiri, kila nikipita mbele ya mwavuli wa wasajili naona foleni, najiambia kesho. Sisi na tarehe za mwisho tunajuana: ukiipa heshima inakuja, ukiipuuza inasogezwa. Mwisho ulikuwa 31 Desemba. Siku chache kabla yake Rais Magufuli akasajili laini yake huko Chato na kuongeza siku 20, hadi Januari 20. Nilipoisoma habari ile nilimpigia mwenyeji wangu makofi ya bega kana kwamba tumeziongeza sisi.

Januari 15 Mama akanipigia kwa WhatsApp.

"Baba, wanazima laini. Umeshasajili?"

"Bado, Mama. Wanataka vidole."

"Wewe si una vidole?"

"Ninavyo, lakini niko navyo huku."

Kikafuata kimya kirefu cha mzazi anayejiuliza alikosea wapi. Mjomba akaupokonya mjadala. Mjomba wangu hajawahi kukosa ufumbuzi, hata wa jambo ambalo halijawa tatizo. Akaniagiza nipake wino kidole gumba, nigandamize kwenye karatasi nyeupe, nipige picha, niitume. Yeye ataichapisha stendi kwa rangi, ikatwe vizuri, akaibandike kwenye mashine. Nikamwambia mashine inataka kidole chenye mtu. "Hivyo ndivyo mnavyoshindwa maisha," akasema, akarudisha simu kwa Mama.

Laini ile sikuwa tayari kuipoteza. Benki inatuma tarakimu zake huko. Hela ya simu iko huko, shilingi 47,000 wakati ule. Na kila mtu niliyesoma naye ana namba hiyo. Kadi yangu ya kwanza kabisa, miaka ile ya kuuzwa mkononi ikiwa imeshasajiliwa, ilikuja na jina la mtu nisiyemfahamu mpaka leo, na hakuna aliyejali. Kwa hiyo Mama aliposema atakwenda kuisajili kwa jina lake, hata dhamiri haikunisumbua. Simshauri mtu afanye hivyo. Chochote kinachofanyika kwenye laini kinamwangukia mwenye jina. Sababu yangu ya kutoshauri, hata hivyo, ni nyingine, mtaiona.

Mdogo wangu alinipigia kwa video kutoka Ngamiani, Tanga, ili nishuhudie. Nilichoshuhudia zaidi ni sikio lake na ubavu wa mwavuli. Mara moja moja picha ilitulia nikamwona kijana msajili mwenye fulana ya kampuni, na mashine ndogo ya vidole, kioo chake chekundu kama kaa la sigara. Mama akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akakifuta kwa upindo wa kanga, akaweka tena. Ikakataa. Kijana akamwomba aweke cha shahada. Ikakataa. Mama amekuna nazi na kufua kwa mikono tangu kabla sijazaliwa, na michirizi ya vidole vyake imebaki kwenye masufuria yetu.

"Bibi, una mafuta?" kijana akauliza.

"Niende na mafuta kusajili simu?"

Muuza maandazi wa jirani akachovya kidole kwenye kikaango kilichopoa, akampaka. Watu wa foleni wakasogea kutazama. Kijana akakishika kile kidole kwa mikono yake miwili, akakigandamiza polepole kama anayepachika glopu, na watu wote wakanyamaza, hata mimi Leipzig nikanyamaza. Mashine ikalia *pii*. Foleni nzima ikapiga kelele. Ule ndio usajili pekee wa simu niliowahi kusikia ukipigiwa vigelegele. Ujumbe wa pongezi ukanifikia nikiwa kwenye tramu, kama nilivyosema.

Kuanzia siku ile kwenye mambo ya fedha mimi nikawa mama yangu. Kwa ile 47,000 nilimuuliza kwa uangalifu itakuwaje. Akasema, "Zimekaa kwangu. Kwani zilikuwa zako peke yako?"

Mwaka 2021 rafiki yangu wa Dar aliyenikopa shilingi 150,000 akaniambia amezipata, anitumie wapi. Nikamjibu bila kufikiri: "Ile hela nitumie kwenye namba hii hii, jina litakuja la kike, usishtuke."

Msomaji aliyewahi kumiliki simu Tanzania ameshashtuka. Huo ni ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye laini ameshaupokea kutoka kwa tapeli, karibu neno kwa neno, na kuukomesha ilikuwa moja ya sababu za kusajili vidole vyote vile. Rafiki hakunijibu. Akaupiga picha, akauweka kwenye kundi letu la shule: "Jamani, namba ya mwenzetu imeibiwa. Msitume hela." Mimi nimo kwenye kundi. Nikaandika, "Ni mimi." Mmoja akajibu, "Ndivyo wanavyosema wote." Nikapewa mtihani: mwalimu wetu wa Hisabati tulimwitaje? Nikajibu papo hapo, Pembetatu. Kikapita kimya kidogo, kisha dada mmoja aliyekuwa kiranja akaandika kwamba matapeli wa siku hizi wanafanya utafiti.

Nikatuma sauti. Wakasema sauti inaigizwa. Nikapiga video, mtandao ukagoma nikiwa katikati ya kupepesa macho, sura yangu ikaganda mdomo wazi na jicho moja, na hata mimi nilipoiona nikakubali kwamba yule si mtu wa kutumiwa hela. Mwishowe rafiki akaamua, kwa busara ambayo siwezi kuilaumu, kumtumia mwenye jina. Hela ikaingia kwa Mama, kwenye laini yake ile nyingine. Jioni akanijulisha kwamba zimefika na zimeshapata kazi.

Agosti 2022 nikarudi likizo, na jambo la kwanza baada ya kula ni kumpeleka Mama dukani kwa kampuni ya simu, laini irudi kwangu. Tukakaa chini ya kiyoyozi, yeye amevaa buibui la harusini kwa sababu ofisi ni ofisi. Dada wa kaunta akamwamkia, akapiga *106#, akathibitisha kwamba kwa kitambulisho cha Mama kuna laini mbili. Akauliza kama Mama anaijua hii ya pili. Mama akasema anaijua, ni ya mwanawe, na huyu hapa. Dada akasema lazima ahakikishe kwamba Mama kweli ndiye anayeitumia, kwa hiyo ataje watu wanaotumiwa hela mara kwa mara kutoka kwenye laini hiyo.

Mama akanitazama. Nikatazama kiyoyozi. Maana kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikituma hela kutoka Leipzig hadi kwenye laini ile, kisha kutoka humo nazigawa: umeme, ada ya mdogo wangu, na fungu kubwa kabisa kwa Mama.

Dada akasoma kioo chake. Akasoma tena. "Bibi, hapa inaonyesha kila mwezi unajitumia hela mwenyewe."

"Ndiyo," Mama akasema, bila kupepesa.

"Na wakati mwingine unajirudishia?"

"Nikiona nimejizidishia."

Dada akaandika kitu, sijui nini. Akaisogeza mashine ya vidole mbele yangu. Nikaweka kidole gumba changu, chenye michirizi yake yote kamili, kidole kilichosubiriwa tangu Januari 2020. Mashine ikakataa. Mama akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta ya nazi, akakiweka kaunta. Safari hii alikuwa amejiandaa.

*Pii.* Ujumbe ukaingia, Ndugu mteja, jina langu, la baba, la babu. Nikamwonyesha. Mama akausoma mpaka mwisho, akarudisha kichupa mkobani.

"Kwa hiyo kuanzia mwezi huu," akasema tulipofika mlangoni, "mimi natumiwa hela na mtu baki?"