Kiboko Hana Hati ya Nyumba

Tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza kiwe lugha rasmi mwaka 2014, Bujumbura nzima inakisaka. Sisi wa mtaa wa Asiatique, tuliozoea Kiswahili dukani, Kirundi kwa jirani na Kifaransa mbele ya karani, tunakisoma jioni barazani kwa watu. Umeme ukikatika, tunamulika ubao kwa simu.

Siku ya "evict", mwalimu alieleza kuwa ni kumtoa mtu kwa nguvu ya sheria mahali anapokaa. Mwizi hufukuzwa tu. Kitenzi hiki ni cha wapangaji. Haya, tungeni sentensi.

Mama muuza ndagala akasema mbu wamem-evict kitandani. Kosa: mbu hana amri ya mahakama. Zamu, yaani mlinzi wa nyumba ya pili, akasema yeye kiboko ndiye aliyem-evict, alipotoka ziwani usiku kula majani ya bustani. Kosa tena: kiboko hana hati ya nyumba.

"Mwalimu," akajibu zamu, "nenda basi ukamdai hiyo hati."

Aliyeshika somo upesi ni mwenye nyumba, anayesoma bure kwa kuwa baraza ni lake. Alikipitisha kitenzi nyakati zote, macho kwa mwalimu, ambaye kodi yake ilikuwa imelala. Wakati ujao ndio aliutamka vizuri zaidi.

Kisha Ziwa Tanganyika nalo likaingia darasani. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, huko Kongo. Mvua zikizidi, hujaa na kukawia kushuka. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ufukweni ziachwe wazi, lakini watu wamejenga, na mwenye nyumba wetu ana nyumba nyingine humo, mtaa wa Kibenga. Mwaka 2024 maji yaliingia sebuleni humo bila notisi.

Ubishi ukazuka: je, ziwa laweza ku-evict? Mwalimu akasema hapana, panatakiwa sheria. Zamu akamkumbusha zile mita 150: sheria iko upande wa ziwa, na aliyejenga humo ndiye mvamizi. Mwalimu akafuta ubao uliokuwa safi.

Mwenye nyumba akakohoa, akauliza kitenzi hicho kinasemwaje katika kauli ya kutendwa. Mwalimu alimfundisha kwa moyo mkunjufu, akamtaka akirudie mara kadhaa ili kimkae mdomoni.