Yule Bata Alitoka?

Nani aliwaambia wazazi wa mjini kwamba mtoto asiyesikilizishwa Mozart atafeli hesabu? Kwangu habari hiyo imeletwa na shemeji, pamoja na flashi iliyosheheni muziki na maagizo ya kutwa mara tatu: asubuhi sonata, mchana simfonia, usiku piano ya polepole.

Mimi mbishi, nikaisaka habari yenyewe. Utafiti ulitoka mwaka 1993 katika jarida la Nature. Waliosikilizishwa ile sonata ya Mozart ya piano mbili walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Hakukuwa na kichanga hata mmoja. Walifanya vizuri kidogo kwenye mafumbo ya kukunja karatasi kichwani, na baada ya robo saa hivi makali yakawaishia. Robo saa! Hata daladala haijajaa. Lakini mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa Georgia kule Marekani, aliomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mzaliwa wa jimbo lake apewe muziki huo. Ikiwa gavana mzima kaingia mkenge, shemeji wangu utamwambia nini?

Basi flashi ikachomekwa. Sebule yetu, kwa taarifa yenu, ina jirani wa singeli upande mmoja na fundi wa mageti upande wa pili. Chopin akishusha sauti kidogo tu, grenda inamalizia wimbo. Ilipofika Für Elise ya Beethoven, mkubwa wangu alikimbilia dirishani: "Baba, gari linarudi nyuma!" Ningembishia vipi? Kibao cha mwaka 1810, na mtaani kwetu kazi yake ni kuzuia watu wasikanyagwe na pikapu.

Haydn ndiye aliyenikera kuliko wote. Shemeji kampanga saa ya kulala. Sehemu ya pili ya simfonia yake namba 94 inaanza kwa kunyata, laini kabisa, kitinda mimba anafumba macho, mama yake ananiashiria nisikohoe. Mara okestra nzima inashusha kishindo kimoja, pwaa! Mzee huyo alikusudia. Aliwafanyia hivyohivyo watu wa London mwaka 1792, tena watu waliolipa kiingilio. Ndoa yake haikupata watoto, na inaonekana.

Kilichowanasa wanangu ni kisa cha Petro na mbwa mwitu, alichokitunga Prokofiev mwaka 1936 kwa ajili ya watoto wa Moscow. Humo kila mmoja ana ala yake. Ndege ni filimbi, paka ni klarineti, bata ni obo, ambayo ni ndugu kabisa wa nzumari yetu ya pwani. Mbwa mwitu kapewa mabaragumu matatu. Babu ni basuni, ananung'unika mwanzo mpaka mwisho, na katika kundi zima ndiye pekee mwenye akili. Wawindaji wakifyatua bunduki zinalia ngoma kubwa, ambazo nyumbani kwetu ni sufuria za mama watoto. Sasa hivi mbili hazina mifuniko.

Mama mkwe, mtu wa Unguja aliyelelewa na taarabu, alisikiliza wee, kisha akauliza: "Fidla mbona hata sisi tunazo, mwanangu. Mwimbaji wenu yuko wapi?"

Tabu kubwa, hata hivyo, ni bata. Mbwa mwitu anammeza mzimamzima, na kisa kinaishia bata akilia humo humo tumboni. Prokofiev kaondoka zake, mimi ndiye ninayeamshwa saa nane za usiku: "Baba, yule bata alitoka?" Nikasema sijui, wakaenda kwa bibi yao. Bibi, bila hata kusikiliza upya, kawaambia alitoka, akaogeshwa, na kesho yake akataga mayai sita. Sasa wananidai niwapigie mahali mayai yanapotagwa.