Shika Kidevu, Usiulize Kitu

Uko Cape Town, na umesikia kwamba Zeitz MOCAA, jumba la sanaa ya kisasa ya Afrika, lina utaratibu wa kuwaingiza bure raia wa nchi za Afrika Jumatano asubuhi. Hongera. Kuna watu wamesomea historia ya sanaa miaka na miaka. Wewe utamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kwanza, pasipoti. Uafrika wako utaulizwa mlangoni, kwa hiyo ibebe. Ila usiitoe kwa pupa ya mtu aliyefuata cha bure. Itoe polepole, ukiangalia pembeni, kana kwamba ulitaka kulipa wakakukatalia.

Pili, ukiingia tazama juu. Hapa ndipo penye ujanja wote, kwa hiyo sikiliza vizuri. Jengo hili lilikuwa ghala la nafaka bandarini, lililokamilika 1924. Mbunifu Mwingereza, Thomas Heatherwick, akaja akavikata vihenge vyake 42 vya zege kwa ndani, na 2017 likafunguliwa kuwa makumbusho. Ukumbi wa katikati una umbo la punje ya mahindi, punje moja tu, iliyokuzwa ikawa na kimo cha maghorofa. Hilo la punje likariri. Ukikwama mbele ya kitu usichokielewa, na utakwama, kimbilia kwenye jengo: "Naona kazi hii inabishana na zege." Nani atakupinga? Zege liko kila upande.

Tatu, kibao cha maelezo. Usikisome chote, utachelewa na utaumwa kichwa. Tafuta mstari wa vifaa vilivyotumika. Ni mstari pekee usio na falsafa. Jumba lilipofunguliwa, ukumbini lilining'inia dude kubwa lenye mabawa, kazi ya Nicholas Hlobo wa Afrika Kusini, lililoshonwa kwa utepe na tyubu za matairi. Fundi baiskeli yeyote angeanza kutafuta pancha. Wewe sema kwa sauti ya chini, "Tyubu, jamani," kisha nyamaza. Ukimya huo ndio watu huuita uchambuzi.

Kidevu nacho kina kazi. Rudi nyuma hatua tatu, kishike, inamisha kichwa kidogo kushoto. Usizidishe, mlinzi ameshaona wengi.

Picha piga, bila mwanga wa kamera, bega lako likifunika nusu ya mchoro. Marafiki zako hawakuja kumwona msanii.

Sasa onyo: mtoto. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, kwa hiyo utashawishika kumleta. Mtoto huuliza kwa sauti lile ambalo ukumbi mzima umelimeza: "Hii ni nini?" Na watu watageuka, si kumkaripia, bali kusubiri jibu lako. Mshike mkono upesi, mpeleke kwenye lifti. Ni ya duara, inapanda ndani ya kihenge chenyewe, na atasahau swali.

Huko juu mtatembea kwenye vioo vilivyoziba midomo ya vihenge, vyenye alama za ajabuajabu. Ataangalia chini ya viatu vyake, atauliza tena. Mwambie ni sakafu. Hizo alama ni kazi ya El Loko, msanii wa Togo, lakini hilo utalijua pale tu mgeni mmoja atakapopiga magoti kuzipiga picha. Usitetereke. Mwambie mtoto, kwa sauti ya kusikika: "Ndiyo maana nikakwambia uvue viatu."