Muulize Kapteni wa Sebuleni

Kapteni, mume wangu amekiteka chumba cha wageni, anajenga humo chumba cha marubani cha Boeing 737-800. Plaiwudi, nyaya, skrini tatu. Usiku wa manane kuna gurudumu linalia kra-kra-kra mpaka mtoto anaamka. Mama mkwe alipokuja alilala kwenye kochi. Nifanyeje? — Mke wa Rubani, Tabata

Pole sana, dada. Hilo ni gurudumu la trimu. Kwenye 737 yenyewe yako mawili, kushoto na kulia kwa mikono ya injini, na hulia hivyohivyo ili marubani wajue kwamba bawa la mkia linabadilisha mkao. Mumeo hajakosea kitu, na hiyo ndiyo balaa: kadiri anavyopatia, ndivyo unavyokosa usingizi. Mshawishi ahamie Airbus A320. Magurudumu yake yametulia. Tena haina usukani mbele ya rubani. Kuna kijiti pembeni, na pale pa usukani pana meza ya kuvuta. Rubani wa Airbus anakula mezani, wa Boeing anapakata sinia. Tangaza leo kwamba ugali unapelekwa Airbus tu.

Usingoje amalize, maana watu hawa hawamalizi. Paneli ya juu ikikamilika, utaambiwa rangi ya kijivu siyo yenyewe. Wewe ingia, keti kushoto. Huko ndiko kwa kapteni. Mama mkwe akirudi, nyuma yenu kuna nafasi ya kiti cha kukunja cha mkaguzi, na kukagua anakuweza.

Kapteni, binamu yangu aliye Marekani amenitumia paneli ya ndege iliyokatwa chakavu. Niichomeke ukutani? — Fundi, Likoni

Wee! Toa mkono hapo. Vifaa vingi vya ndege hutumia volti 28 za umeme mnyoofu, vingine volti 115 za mizunguko 400 kwa sekunde. Ukutani kwako ni volti 240, mizunguko 50. Taa zitafutie pawa saplai ya volti zinazolingana nazo. Swichi ziunge kwenye bodi ya Arduino, nayo iiambie programu ya kuigiza urubani ya X-Plane umebonyeza wapi.

Kapteni, sina hela. — Mnyonge, Morogoro

Edwin Link wa Binghamton, New York, alijenga mashine yake ya kufundishia urubani kwa mifuko ya upepo kutoka kiwanda cha vinanda cha baba yake. Hiyo ni 1929. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani lilizinduka mwaka 1934, baada ya marubani wake kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa. Baba yako ana kiwanda gani?

Kapteni, rubani wa kweli akizirai angani, mimi wa sebuleni naweza kuitua ndege? — Niko Tayari, Kisumu

Funga mkanda, ndugu. Wako wawili.