Heko, Folda Mpya (2)

Mto Tana una waimbaji wake. Maembe ya bondeni yana wachuuzi wa soko la Kongowea wa kuyasifu. Hata mbu wa huku kijijini Hewani wana watu wa miradi wanaowaandikia ripoti ndefu zenye picha. Kiumbe kimoja tu kimetutumikia miaka yote hii bila hata asante: Folda Mpya. Nasema ile ya manjano, inayozaliwa ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya, ikakungoja uipe jina, nawe ukaghairi kwa sababu watu watatu wamesimama nyuma yako na betri imebaki asilimia sita. Basi inabaki na jina ililozaliwa nalo. Kesho anakuja mdogo wake, Folda Mpya (2), wiki ijayo wa (3), na ukoo unaenea hadi skrini haina pa kuweka mguu. Leo nimekuja kuusifu ukoo huo, na naomba vijana waliosoma kozi ya kompyuta Malindi wasinikatize.

Maadui zake hutembea na methali moja: mali bila daftari hupotea bila habari. Haya. Sasa mwachie mpenda mpangilio kompyuta yako kwa saa moja. Utarudi ukute folda iitwayo Ofisi, ndani yake Chifu, ndani ya Chifu mna Barua, ndani ya Barua mna 2024, ndani ya 2024 mna Mei, na ndani ya Mei faili moja peke yake. Milango mitano kumfikia mkaaji mmoja! Kijana aliyekuja kuchapisha barua ya kupeleka kwa chifu ili apate kitambulisho yuko kwenye benchi, boda inamngoja nje, nawe unafungua na kufunga, unafungua na kufunga. Kumbe faili hiyo ingekuwa palepale usoni mwa skrini, juu ya ile picha ya mlima ambayo hakuna aliyeichagua, ungeibofya mara mbili na mambo yakaisha.

Isitoshe, huu ugonjwa wa folda ndani ya folda si wa kwetu. Mwaka 1965 Daley na Neumann, wa mradi wa Multics kule Marekani, waliandika namna faili zitakavyopangwa kwa matawi. Walikuwa na sababu: watu wengi walishiriki mashine moja kubwa, na kila mmoja alitaka pahali pake. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ikauza kompyuta yake, Star, yenye vipicha vya folda kwenye skrini, vikiiga ofisi iliyo na makabati ya chuma na karani wa masijala. Nami nauliza, kabati la chuma hapa kwetu liko wapi? Karatasi za maana za Hewani zimo katika mfuko wa plastiki, mfuko umetiwa sandukuni, sanduku limetundikwa juu maji yasilifikie, na anayejua kilichomo ni mama mwenye nyumba pekee. Hajawahi kupoteza cheti cha mtoto hata kimoja.

Tena hao Wamarekani wenyewe hawakuanza na adabu hiyo majumbani. Kompyuta ya IBM PC, ya mwaka huohuo wa 1981, haikuwa na folda ndani ya folda. Faili zote zililala pamoja kwenye disketi, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyekufa. Matawi yalikuja na toleo la pili la MS-DOS, mwaka 1983. Na jina la faili lilikuwa na kipimo: herufi nane, nukta, kisha herufi tatu. Neno mafuriko lina herufi nane kamili, hesabu mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa Tana angeruhusiwa kufurikiwa mara moja tu, ya pili isingeenea. Windows 95 ndiyo iliyotufungulia, ikaruhusu jina la herufi hadi 255, na sisi hatukuichezea neema hiyo. Leo ninayo faili iitwayo "Orodha ya waliofurikiwa Hewani mpya ya mwisho kabisa USIFUTE". Chini yake ipo nyingine yenye jina hilohilo, imeongezewa "hii ndiyo".

Wanasema, basi angalau panga kwa alfabeti. Nani kasema alfabeti ni haki? Panga orodha ya unga wa msaada kuanzia A hadi Z uone. Akina Abae watakuwa wamesharudi nyumbani, wamesonga ugali, wamekula na kulala, wakati akina Wario bado wako juani wakitazama gunia linavyopungua. Mwaka baada ya mwaka ni hivyohivyo, kwa kosa la babu aliyeanza na herufi ya nyuma. Na namba ndizo mbaya zaidi. Andika Kaya 1 hadi Kaya 200 kwenye jedwali, uiambie kompyuta ipange. Itakuletea Kaya 1, Kaya 10, Kaya 100, Kaya 101, kwa kuwa yenyewe husoma herufi moja moja wala haijui kwamba kumi ni kubwa kuliko mbili. Mwenye Kaya 2 atasimama nyuma ya watu mia na ushei, naye nyumba yake ndiyo iliyo karibu kabisa na maji. Dawa yake ipo, ni kuandika 001, 002, lakini mtaje mtu aliyewahi kuikumbuka kabla ya orodha kuharibika.

Kwa ukubwa? Video ya ngoma za harambee itakaa juu, megabaiti mia tisa, na barua ya shamba itazama chini kabisa na kilobaiti zake ishirini na tano. Hilo silijibu.

Kwa tarehe, basi. Hapa ndipo napenda kuwachekesha wageni. Ndani ya kompyuta mna kibetri cha duara, mfano wa sarafu, kinachotunza saa hata stima ikizimika. Kikifa, kompyuta kuukuu huamka kila asubuhi ikiamini ni Januari ya mwaka fulani wa zamani, na kila utakachoandika siku hiyo kitapigwa muhuri wa mwaka huo. Orodha ya mafuriko ya 2024 imeitangulia ile ya 2018, imetangulia hata barua za kuomba kompyuta yenyewe. Mtu wa Nairobi huona hayo ni maajabu. Sisi tunaishi na mto ambao haujawahi kukaa kwenye folda yake. Karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na Ozi. Mto ukaupenda, ukahama na maji yake, na leo unamwagikia Kipini. Wahandisi nao walijaribu kuupanga kwa tuta na mifereji katika mashamba ya mpunga ya TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, hapa deltani. El Niño ya 1997 ikaja, ikayapanga upya.

Sasa niseme faida yenyewe. Katika fujo hakuna kinachotupwa. Chukua wasifu wa marehemu. Kila wasifu unaosomwa kwenye mazishi huku umezaliwa na wasifu mwingine: unafungua wa zamani, unabadili jina, unabadili tarehe, unabadili watoto, unachapisha kabla jeneza halijatoka mochari. Faili ya kwanza kabisa bado ninayo, iko Folda Mpya (2), na imezaa zaidi ya mzee yeyote wa kijiji. Kweli, mara mojamoja damu ya babu hujitokeza. Bibi mmoja mpole alisomewa kaburini kwamba alijiunga na jeshi la polisi mwaka 1974. Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, kweli, alikuwa mkali. Huyo mama alizikwa na heshima ambayo mpangilio usingempa.

Au chukua orodha za mafuriko. Maji yalikuja 2018, yakarudi mwishoni mwa 2019 na 2020, yakaja na El Niño ya 2023, na kabla tope halijakauka yakaja tena Aprili na Mei 2024. Kila mara ofisi moja baada ya nyingine huomba jambo lilelile: jina, namba ya kitambulisho, watoto wangapi, ekari ngapi za mahindi na migomba. Kila ofisi na fomu yake. Mpenda mpangilio angekuwa ameshaifuta orodha ya 2018 kwa kuiona imepitwa na wakati. Mimi niliifungua, nikaongeza waliozaliwa, nikaondoa waliofariki, nikabadili mwaka, na kabla ya saa saba mchana karatasi zilikuwa njiani kwenda Garsen. Akiba haiozi, na ya kompyuta haiingiwi hata na panya.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na hapa naacha mzaha kidogo. Mpangilio mzuri humfaa anayetafuta, na humfaa vilevile anayetaka kuchoma. Hola, makao makuu ya kaunti yetu, ilikuwa na kambi ya kizuizi, na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa humo. Serikali ya kikoloni ilianza kwa kusema wamekunywa maji mabaya. Uhuru ulipokaribia, maofisa wa Kiingereza walizipanga faili za Kenya kwa ustadi ambao walimu wa kozi za kompyuta wangeupigia makofi: za kurithisha serikali mpya zikawa huku, na za siri zisizofaa kuonwa na Mwafrika zikawa kule. Za kule, nyingine zilitiwa moto na nyingine zikasafirishwa Uingereza. Faili za Kenya zipatazo 1,500 zilikaa kimya huko kwenye ghala la serikali la Hanslope Park hadi 2011, zilipofichuka kwa sababu ya kesi ya wazee wa Mau Mau kuhusu mateso ya vizuizini. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Hebu fikiria ofisi zile zingekuwa na Folda Mpya hadi ya (40), barua ya mateso imelala kati ya bei ya mabati na ratiba ya mpira. Mchomaji angeanza wapi? Angewasha kiberiti, angekizima, angeenda kulala.

Na ngoma yetu je? Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilichukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 imo kwenye orodha ya British Museum, London, na namba yake. Haijapotea hata kidogo. Ukiuliza, wataisoma kwenye rejesta ndani ya dakika moja. Imepangwa vizuri kabisa, ila haiko Tana.

Wapinzani wakishindwa hapo huja na hoja ya mwisho: siku hizi kuna kisanduku cha kutafuta, kwa hiyo ukoo wa Folda Mpya hauna haja hata ya kusifiwa. Ni kweli Google ilipoanzisha Gmail mwaka 2004 iliacha folda, ikaweka lebo na utafutaji. Nami nashukuru kwa kuungwa mkono na kampuni kubwa. Lakini kutafuta kunahitaji ukumbuke neno moja lililomo, tena kama lilivyoandikwa, na aliyeandika huenda alikuwa na haraka. Nina barua zilizoandikwa Hewani, Hewan na Hewwani, na moja imeandikwa Hewani ya juu mbinguni, sijui na nani. Kisanduku hakiwezi kujua hayo. Anayejua ni mtu.

Na huyo mtu ni mimi. Tuseme ukweli, kwa kuwa anayesifu lazima ataje alichokula: siku kila faili itakapokuwa na jina lake, tarehe yake na folda yake, mtoto yeyote wa darasa la sita ataketi kwenye kiti hiki na kumhudumia mzee wa kijiji bila kuniamkia. Maofisa wa 1963 walifunga kwa mpangilio, mimi nafunga kwa fujo, na ufunguo uko kichwani. Ndiyo maana siumwi, sisafiri mbali, na simu yangu haizimwi hata ninapokuwa shambani. Folda Mpya imenipa cheo ambacho hakipigiwi kura.

Kwa hiyo msomaji, ukifika Hewani na flashi yenye nafasi, nakuomba usinipangie kitu. Nakili yote kama yalivyo, kuanzia Folda Mpya hadi ya mwisho, uende ukaiweke nakala hiyo Malindi kabla ya masika, maana maji yakiingia humu hayatauliza ipi ni USIFUTE na ipi ni hii ndiyo. Kunakili ni bure. Kuuliza faili iko wapi ni shilingi ishirini.