Waraka kwa Mganga Mfawidhi wetu

Daktari, shikamoo.

Natumaini semina ilikwenda vizuri na posho ilitoka mapema. Kila nikibisha hodi ofisini naambiwa uko kikaoni, nikaona heri niandike, usome ukipata wasaa. Wagonjwa wangu wasaa hawana, ila hilo si kosa lako.

Ukipita raundi ukakuta faili la mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, aliyerudishwa kutoka hospitali ya Ocean Road, huandika kwa mwandiko wako mzuri "hakuna la kufanya zaidi", na chini yake paracetamol. Samahani, Daktari, la kufanya lipo tele, sema linaanza ukishatoka mlangoni. Kidonda kinanuka. Nasaga vidonge vya metronidazole, namwagia unga wake pale pale, na siku chache baadaye binti yake, aliyekuwa akikaa mlangoni na kanga puani, anasogeza kigoda kitandani na kumlisha mama yake uji. Tiba shufaa ndiyo hiyo. Haikuhitaji zabuni.

Kinachonishinda ni maumivu, kwa kuwa mofini iko kabatini na kabati linafuata saini yako. Nikiitoa bila saini naitwa kujieleza. Unasema watazoea, watakuwa mateja. Teja gani huyo asiyeweza kugeuka ubavu bila kung'ata shuka?

Mofini yenyewe si ya kutisha: unga uliokorogwa na maji, mgonjwa anameza kwake nyumbani. Hutolewa kila baada ya saa nne, maumivu yasipate nafasi ya kurudi, na dozi ya kulala huwa maradufu ili apitishe usiku. Wewe, siku ukijaliwa kuiandika, huandika "akihitaji". Akihitaji amwite nani saa nane za usiku, wodi nzima ina muuguzi mmoja? Halafu mofini hufunga choo kwelikweli, na dawa ya kulainisha choo sijaiona kwenye agizo lako hata siku moja. Wenzetu Uganda wametumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Mpapai tunao, nyuma ya maabara.

Na kwa kuwa nimewataja Waganda: Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaitengeneza mofini hiyo ya maji ikawafikia watu majumbani, na tangu 2004 sheria ya kule inamruhusu muuguzi aliyesomea tiba shufaa kuiandika mwenyewe. Sijasikia Kampala imegeuka kijiwe kwa sababu ya manesi. Cicely Saunders naye, aliyefungua nyumba ya tiba shufaa ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikuwa muuguzi kabla hajawa daktari. Nalitaja kwa adabu tu.

Ombi langu la leo ni la kitanda cha sita. Miligramu tano kila baada ya saa nne, maradufu wakati wa kulala, na bisacodyl ya choo. Ukiwa na haraka ya safari, faili nitakuletea hadi getini, dereva asubiri kidogo. Kalamu ninayo.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa zamu ya usiku